Firigisi ya Tarehe Mbili Août

Tarehe 2 mwezi wa nane, kiangazi. Asubuhi ukungu juu ya ziwa, kiisha vumbi mu mutaa wetu wote wa Bagira.

Enzi zetu, batoto tulijua tarehe kwa kichwa, hatukungojea telefone ituambie. Mwalimu alikuwa anapiga fimbo ku meza, anauliza tarehe kwa Kifaransa: "Trente juin?" Sisi wote: "Indépendance!", ni siku ya uhuru. "Quatre janvier?" "Martyrs!", ni siku ya wale walikufa kwa ajili ya uhuru. Nilisoma primaire tu, kwa hiyo pengine nakosea, lakini nilifikiri kila siku inabebaka kitu moja.

Tarehe mbili août haikukuwa ya mwalimu. Ilikuwa ya kwetu: siku Furaha, mudogo wangu wa kike, alizaliwa. Gato, ile keki ya siku ya kuzaliwa, hakukuwa; batoto ba leo banapiga gato picha mpaka mishumaa inaisha. Papa alikuwa anaenda kutafuta kuku ku kijiji cha Miti, na nyumba yote inanuka kitunguu. Kwetu firigisi ni ya baba, mwanamuke haigusi. Lakini siku ile moja Papa alikuwa anaiweka mu sahani ya Furaha. Maman analalamika: "Mais Papa, unaharibisha mutoto." Papa anacheka: "Leo ni siku yake. Kesho atarudia ku mabawa."

Mwaka wa 1998 Papa alienda Miti kama kawaida. Vita ya pili ya inchi yetu ikaanza siku ile ile, barabara ikafungwa. Hakurudia. Wengine wanasema ni hawa walimuua, wengine wanasema ni wale. Mimi sikuona, siwezi kushitaki mutu.

Tangu pale, radio inaiita siku ya vita, Maman anaiita siku ya misa ya Papa, na kuku haikupikwa tena. Mara moja tu Furaha, akiwa amekomaa kidogo, alisema: "Maman, mimi nilizaliwa mbele ya ile vita." Maman alimwambia anyamaze. Nani alikuwa na haki, sijui. Maman alipoteza bwana. Furaha alipoteza baba na siku yake pamoja.

Zamani siku ilikuwa nyepesi, hata mutoto aliweza kuibeba. Sasa hii yetu imejaa, hata mwalimu angekosa jibu.

Leo, kiisha misa, Maman alipita mwenyewe ku soko akarudia na kuku. Magaribi tulikula bugali, mboga ya lengalenga na ile kuku. Maman alichota firigisi, akaiweka mu sahani ya Furaha. Furaha aliitafuna muda murefu, macho chini. Hakuna mwenye alimwambia bonne fête, heri ya siku ya kuzaliwa.