Injini Iliyokuwa Ikizima Polepole

Harufu ya petroli iliyochanganyika na vumbi la ngano ilikaa katika nguo za baba hata baada ya kufuliwa, na ilikuwa bado imo katika koti lake lililoning'inia nyuma ya mlango wiki zile tulipokuwa tumejitenga kwa ajili ya kifo chake. Tulikaa Hirbadaw, chini ya mlima Hanang, lakini ukoo wetu ulitoka Tlawi, kule juu Mbulu, na bibi alishikilia desturi ya Wairaqw kwamba nyumba iliyofiwa haichangamani na watu. Hakuna aliyeingia uani kwetu, nasi hatukutoka. Ng'ombe wetu walinywa maji peke yao, majirani wakishaondoka bwawani. Aliyetaka kusema nasi alisimama njiani, nje ya ua wa minyaa, akapaza sauti. Watu wanapouliza utoto wangu ulikuwaje, huwa nakumbuka kwanza sauti hizo zisizo na sura.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kuvunia katika mashamba makubwa ya ngano. Serikali ilipoanza kuyauza, wazungu waliokuwa wataalamu huko waliondoka mmoja mmoja, na mmoja wao akamwachia baba gari lake dogo jekundu la michezo, la viti viwili, lililo chini kiasi kwamba kuku aliweza kuruka na kutua juu ya boneti bila kujitahidi. Watoto wa Gehandu, kijiji cha jirani, waliliita mende. Katika barabara zetu lilikuwa kitu cha kuchekwa, lakini baba alilipenda kwa namna ambayo hakutupenda sisi waziwazi. Miezi ya mwisho kabla hajaugua, lilianza kuzima. Liliwaka vizuri, likaunguruma kidogo, kisha likafa. Alifungua kabureta zote mbili, akazifunga, akazifungua tena. Alizikwa kabla hajaipata hitilafu.

Baba mdogo, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya korongo, alikuja akasimama nje ya ua siku ya mnada wa mifugo. Mama alimsalimia kutoka mlangoni.

"Shemeji, wale wanunuzi wa chuma chakavu watarudi mnada ujao," baba mdogo alisema. "Nitawapa lile gari walikatekate. Siwezi kufuga kitu kisichokula nyasi."

Nilijibu mimi, nami sikuwa mtoto wa kujibu wakubwa.

"Shikamoo baba mdogo. Mimi nitalitengeneza."

"Marahaba. Wewe Fausta, utalitengeneza na nini, na sufuria?" Alicheka, kisha akajizuia, nadhani kwa sababu ya msiba. "Haya. Siku ya mnada ujao nitasimama hapa. Liwake mbuzi wakienda bwawani, na wakirudi nilikute bado linaunguruma. Likizima, linaenda."

Sikuwa nimelia tangu mazishi. Nilijua nilipaswa kulia, na nilijichunguza kila asubuhi kama anayepapasa jino bovu, nikakuta pametulia. Kwa hiyo nilitengeneza gari. Nilitandika kanga ya zamani, nikapanga juu yake kila nilichofungua, kwa mfuatano, na skrubu moja ikikaa upande nilipanga zote upya. Nilisugua plagi kwa msasa mpaka zikang'aa. Gari likawaka, likafa. Nilipuliza njia za kabureta kwa mdomo mpaka ulimi ukafa ganzi. Likawaka, likafa.

Sauti ya injini ilimleta Qamara, aliyefanya kazi na baba shambani. Naye alisimama nje ya minyaa, nikaona kofia yake tu.

"Likizima, linakatika au linafifia?" aliuliza.

"Sijui, mzee."

"Hujui nini, nawe una masikio? Washa."

Niliwasha, nikafumba macho. "Linafifia. Kama mtu anayesinzia."

"Basi achana na umeme. Umeme ukikosekana injini hukata papo hapo. Hapo ni mafuta hayafiki. Fungua pampu."

Nilifungua pampu siku nzima. Ilikuwa nzima. Niliifunga, gari likawaka, likafa, na Qamara akasema kutoka njiani kwamba basi hata yeye hajui, labda lina kiburi cha mwenyewe. Alikuja tena kesho yake, bila kuitwa. Nilikuwa natafuta kijiti cha kupimia petroli, na nilipozungusha kifuniko cha tangi, tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua.

"Umesikia hiyo?" Qamara aliuliza. "Usikirudishe. Washa hivyo hivyo."

Nikawasha. Liliunguruma, likaendelea kuunguruma.

"Ndani ya kifuniko kuna nini?"

Nilikigeuza. Baba alikuwa amekata duara la mpira wa tyubu ya trekta, akaubandika kwa gundi, ukingo wake umekatwa sawasawa kabisa. Tundu dogo la hewa lilikuwa chini yake. Petroli ikipungua, hewa haikupata pa kuingia, na pampu ikashindwa kuivuta. Nilimweleza Qamara.

"Vumbi," alisema. "Kule shambani tuliziba kila tundu. Vumbi la mavuno liliua mashine kila msimu. Baba yako alikuwa mzibaji kuliko sote. Toboa."

Nilikaa na wembe mkononi. Ile ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizoziona katika gari lile, na ndiyo iliyokuwa ikiliua. Nilitafuta katikati ya duara kwa uzi, nikapima, nikapima tena, mpaka mama akasema kutoka mlangoni, "Kata tu, Fausta." Nikakata.

Siku ya mnada mbuzi walienda na kurudi, na baba mdogo akasikiliza mpaka mwisho. "Zima basi, unamaliza mafuta," alisema, akaondoka. Wanunuzi wa chuma walipita bila kusimama. Siku za kujitenga zilipokwisha na bibi akatufungulia ua, baba mdogo mwenyewe alimpeleka mama Tlawi kwa gari lile kuwasalimu wazee. Viti vilikuwa viwili, kwa hiyo nilibaki. Nilisimama barabarani nikiusikiliza mlio hadi ukapotelea mlimani, na haukufifia.

Sasa nina gereji Katesh. Mengi nimejifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kuharibu. Barabara ni lami, msiba unaisha turubai likikunjwa, na magari ninayoletewa yana kompyuta: nachomeka kifaa, hitilafu inajiandika kwenye skrini kabla mwenye gari hajamaliza kulalamika. Naiamini, lakini bado nakagua mara nyingi kuliko inavyotakiwa, na wateja wananisema kwa hilo. Wakati mwingine najiuliza kama baba angefurahi kwa nilichokifanya, au angekasirika kwamba niliigusa kazi yake. Swali hilo haliniumizi. Linakaa tu, nami naendelea na gari linalofuata.