Hatukumchora Akipona

Dada yangu mdogo alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, na aliitumia kwa nadra: "uji," "hapana," "zima." Ya pili ilikuwa ya mtangazaji wa redio. Kila siku baada ya matangazo ya vifo aliyarudia yote, neno kwa neno, pamoja na kile kituo kirefu kati ya jina la marehemu na majina ya wafiwa, huku akipanga magunzi ya mahindi ukutani, dogo hadi kubwa. Nyumbani tulikuwa tumezoea. Mama alikoroga sufuria huku akiitikia "poleni sana," kama mtu aliyefika matangani.

Kwetu ni upande wa Saboti. Babu alihamia huko kutoka Mkoa wa Kati akanunua shamba, na sisi tukazaliwa hapo. Miaka hiyo mimi nilikuwa nimepanga kibanda mjini Kitale, nikichora mabango: ng'ombe kwenye kuta za bucha, vichwa vya wanawake kwenye milango ya saluni. Watu walisimama kutazama mwanamke juu ya ngazi. Niliwaacha watazame.

Dada alikuwa na miaka kumi na tisa. Wageni wakija, Mama alimpeleka chumba cha nyuma na redio yake.

Wikendi moja nilikwenda nyumbani, nikaandamana na dada kwenda posho mil kusiaga mahindi. Mashine ilikuwa imezimwa, mwenyewe akibadilisha mkanda, na foleni ilikuwa ndefu. Kimya kile kilimfaa dada. Akasimama wima akaanza: "Tunasikitika kutangaza kifo cha..." Akataja jina. Mwanamume aliyekuwa mbele yetu akageuka, gunia likamteleza begani.

"Umesema nani?"

Dada hakumjibu. Alikuwa ameshafika kwa wajukuu.

"Umesema nani, wewe msichana? Huyo ni kaka yangu!"

Nikamwambia ni redio, ametoka kuisikia sasa hivi, huwa anarudia kila kitu. Hakunisikiliza. Aliacha mahindi yake akakimbia. Kufika jioni habari ilikuwa imethibitishwa: kaka yake alikuwa amefia hospitalini, na mjane alipeleka tangazo redioni kabla ya kuwapata ndugu wote.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo. Lakini lilipokuwa likipita kutoka boma moja hadi lingine, redio iliachwa njiani. Ikabaki: msichana alitaja jina, mtu akafa. Mwenye posho mil akatuma neno kwamba unga wetu atasiaga, lakini tusije na yule. Mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani, akanywa chai yetu, akasema dada aombewe kwa kufunga, na maombi yakishindwa apelekwe kwa jamaa wa mbali "ili kijiji kipumue."

Mama alitazama chini. Mimi nilirudi Kitale nikiwa nimeuma meno, nikafunga mlango wa kibanda, nikachora. Ukurasa wa kwanza redio. Wa pili msichana na magunzi yake. Kisha posho mil, kisha watu wakikimbia, midomo wazi, na wa mwisho redio ile ile, inaendelea kuongea na hakuna anayeisikiliza. Nikazibandika ukutani mbele, kila mteja azione.

Aliyesimama akazisoma ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Kibabii, kule Bungoma. Alikuwa amekuja kuagiza bango la shule. Alizisoma mara mbili, mikono nyuma.

"Huyu ni nani, madam?"

"Dada yangu."

"Mimi niko na moja kama huyu," akasema, na l zake nyingi zilitoka kama r. Alikuwa na mwanafunzi msichana aliyepiga mayowe kila kengele ilipolia, na shule ilikuwa imemrudisha kwao. Sasa alimfundisha nyumbani kwake jioni, baada ya kazi. "Hii kitu inaitwa otizim. Si raana. Si mapepo. Si ati mama hakumpa marezi mazuri. Mtoto amezariwa hivyo, basi."

Jina la Kiswahili, usonji, nililisikia baadaye. Siku ile lile neno geni lilinitosha. Dada alikuwa na kitu chenye jina, na jina lenyewe halikuwa tusi.

Kumbe mwalimu naye alichora katuni, za kufundishia hesabu. Tukakubaliana tutengeneze kitabu: kila mtu alete hadithi zake, tukiuze, na faida ianzishe darasa la watoto kama yule wake. Mwenzetu wa tatu alikuwa kijana aliyepaka matatu rangi kwenye gereji mjini. Hakuwa na ndugu mwenye usonji. Alisema tu amechoka kuchora simba na wachezaji mpira. "Siste, wacha mimi nichore zile makelele," akaniambia, na kweli yeye ndiye aliyeweza kuchora sauti: mashine ya kusiaga ikiingia masikioni mwa mtoto kama misumari.

Ilibaki Mama. Nilimweleza jikoni.

"Unataka kutuanika sokoni kama maharagwe?"

"Mama, tumeshaanikwa. Wametuanika watu wengine, na wanatugeuza wanavyotaka. Acha safari hii tujianike wenyewe."

Alipepeta mchele, akatoa mawe mawili. Kisha akasema, "Usimchore akilia. Huyo mtoto halii. Na umvalishe ile sweta yake ya kijani."

"Itachapwa kwa wino mweusi, Mama. Haitaonekana ni ya kijani."

"Mimi nitajua."

Kwa gharama za uchapaji tulimwendea tajiri mmoja wa Kitale aliyeuza mbegu na mbolea, mtu anayejulikana kwa harambee. Alitukaribisha vizuri, akafunua kurasa zote, akacheka palipochekesha. Halafu akafunga.

"Kazi safi. Shida ni mwisho, haina nguvu. Mwekeni mchungaji hapo. Amwekee msichana mikono, msichana aanze kuongea vizuri. Hapo watu watatoa."

"Na yule wa kweri asipoongea?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, hii ni katuni tu."

Kijana wa matatu, ambaye tulikuwa tumemwomba anyamaze, hakunyamaza. "Buda, huyu siste si mgonjwa. Sasa tumponye nini?"

Tajiri alinigeukia mimi, akidhani nitakuwa na adabu zaidi. Nilikusanya kurasa nikazifunga kwa kamba. Nilimwambia asante kwa chai, na kwamba msichana atabaki alivyo hadi ukurasa wa mwisho. Tukatoka nje. Hatukuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Mwishowe tulichapisha Bungoma, kwa mzee mwenye mashine kuukuu ya kuchapa kadi za harusi, kwa karatasi za mabaki zisizolingana rangi. Tulishona migongo wenyewe kwa sindano ya magunia. Nakala ya kwanza nilimpelekea dada. Aliinusa, akaupenda wino, akainusa tena. Michoro hakuitazama. Nilijiambia sikuichora ili yeye anisifu.

Siku ya soko tulitandika turubai Chwele, huko huko Bungoma, kati ya kabichi na mitumba. Mtu mmoja aliyekuwa amesikia uvumi ule alifungua kitabu, akaona redio na posho mil, akakitupa. "Ati mnauza uchawi!" Mwalimu alikiokota, akakifuta vumbi, akakirudisha mahali pake. Mara mwanamke muuza ndizi akaanza kuwasomea wenzake kwa sauti, na walipofika pale mtu anapokimbia wakaangua kicheko: "Si ni redio! Hawa watu ni wajinga, bana!" Mwanamke mwingine aliyekuwa akisikiliza hakucheka. Alininong'oneza, "Wangu namfungia ndani nikija soko. Hilo darasa liko wapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba bado halipo, na kwamba litakuwepo.

Kitabu kilifika Saboti kabla yetu. Jumapili, wakati wa matangazo ya kanisani, mzee yule wa kanisa alikiinua juu. "Kuna watu wanafanya biashara na laana ya nyumbani kwao."

Mama akasimama. Mama yangu, ambaye hata maombi aliyaomba kwa kunong'ona.

"Mzee, hicho kitabu umenunua ama umepewa?"

"Nimepewa."

"Basi nunua chako, ukisome mpaka mwisho. Huyo ni mtoto wangu. Harogi mtu. Anasikiliza redio, na wewe ungekuwa unasikiliza hungeshtuka."

Jumapili iliyofuata alikuja na dada, wakaketi benchi la mbele. Waliokuwa wameketi hapo walihama. Mama alitandaza leso yake kwenye nafasi iliyobaki, akasema afadhali, wamewapa mahali pa kunyoosha miguu. Ngoma zilipoanza dada aliziba masikio, akatoka, akarudi zilipokoma. Ikawa hivyo kila Jumapili. Wengine walirudi kwenye benchi lile, wengine hawakurudi hadi leo.

Pesa za kitabu, na nyingine alizoongeza mwalimu kutoka kwenye mshahara wake, zilitosha kukodi chumba kimoja karibu na Kibabii. Mwanafunzi wake alikuwa wa kwanza. Yule mama wa Chwele alimleta binti yake akiwa amemfunika kitenge kichwani, na mwalimu akakifunua kwa upole mlangoni, kabla hawajaingia.

Mwenye nyumba hakukataa. Aliomba jambo moja tu, kwamba tusiandike chochote nje, kwa sababu wapangaji wake wangehama. Mwalimu aliniambia hayo kwa simu. Nilitoka Kitale asubuhi na brashi zangu, nikaegemeza ngazi ukutani, nikaandika kuanzia pembe hadi pembe: DARASA LA WATOTO WENYE USONJI. KARIBUNI.

Mwenye nyumba alikuja nikiwa naosha brashi.

"Si nilisema?"

"Ulisema."

Akayatazama maandishi herufi kwa herufi. "Na hiyo rangi, mvua itaitoa?"

"Haitoki," nikamwambia. "Ni ya mafuta."