Kiti cha Kushoto

Generose wa mtaa wa Kilibula, Uvira, hakuwahi kujifunza kuendesha gari, lakini kwa miaka mingi nusu ya uendeshaji ilikuwa kazi yake. Gari la mumewe, Frédéric, liliingia kutoka Tanzania likiwa na usukani upande wa kuume, nasi Kongo tunapita kuume mwa barabara. Dereva wa gari la namna hiyo akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja. Humtegemea aliyeketi kushoto. Generose alichungulia, akasema "bado" au "pita", na Frédéric akakanyaga mafuta bila kuuliza. Mbele ya wageni alijisifu kwamba hathubutu kulipita hata trekta la miwa asipokuwapo mkewe, Mama Victoire, jicho lake. Generose aliyaamini maneno hayo kama alivyokiamini kiapo cha ndoa, na nani amlaumu?

Sasa gari lilikuwa limechoka. Lilitoa moshi, gia ziligoma kuingia. Frédéric alitaka kulifufua, na njia pekee aliyoiona ni mkewe auze kiwanja alichoachiwa na mama yake. Alimbembeleza kwa upole, majuma mazima. Generose, ambaye tayari alikuwa ameshona sare za watoto wa mtaa mzima ili gari hilohilo linunuliwe, alikubali kwa sharti moja: fundi Jean-Marie apande nao, alisikilize likiwa barabarani, kisha aseme kama linastahili kutengenezwa.

Asubuhi ya safari, Noella, mpangaji wao wa chumba cha uani, aliomba wampeleke hadi Kiliba. Generose alimpenda, alimuuguza alipolala na malaria, naye Noella alimwita yaya, yaani dada mkubwa, kama wa tumbo moja. Akiketi nyuma ya kiti cha Generose, Noella alicheka kwamba hatimaye naye anaionja gari ya wakubwa.

Nje ya mji walikuta lori la mihogo likijikokota. Generose aliinama kuchungulia. Kabla hajafungua kinywa, sauti ilitoka nyuma yake, tulivu, yenye mazoea.

"Pita. Iko wazi."

Na Frédéric akapita.

Hakusita. Hakugeuka kuona ni nani aliyesema. Mguu wake uliitii sauti ile kama mguu uliokwisha kuizoea, na hapo Generose akazielewa safari zote za Kiliba ambazo Frédéric alimwambia alikwenda peke yake. Noella akaanza kuzungumzia mawingu.

Walisimama kando ya daraja. Jean-Marie, ambaye muda wote alikuwa akisikiliza injini tu, alitoa hukumu yake kwa furaha: injini ni nzima, kasoro ni sanduku la gia, gari linastahili kabisa.

"Umesikia, Mama Victoire?" Frédéric alisema. "Gari iko nzuri."

"Nimesikia yote," Generose alijibu. "Aliyekuambia pita, yeye auze kiwanja chake. Cha mama yangu hakiuzwi."

"Noella? Iko na kiwanja gani, yeye?"

Frédéric alipotambua kwamba amekiri kuijua sauti ile, maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Jean-Marie alitazama viatu vyake. Generose alishuka, akasimamisha pikipiki iliyokuwa ikielekea Uvira, akapanda. Nyuma yake mlango ulibaki wazi, na kati ya wale watatu hakuna aliyethubutu kukikalia kiti cha kushoto.