Viatu Miguuni pa Askofu

Siku yangu ya kwanza kazini, Paroko alinikabidhi funguo za sakristia, chumba cha nyuma ya altare tunamotunza mavazi na vyombo vya Misa, akaniambia nianze kwa kumpangusa Askofu vumbi. Askofu mwenyewe ni sanamu ya mtakatifu msimamizi wa parokia yetu hapa ugenini, mtaa wa Mount Dennis: mzee wa ndevu, miguu mitupu, ameshika viatu mkononi. Nje theluji ilikuwa ikianguka. Nilimwonea huruma, maana nami nilikuwa nimefika juzijuzi tu.

Paroko yule alikuwa Mzungu mzee aliyewahi kufanya kazi Bukavu, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu.

"Mama Baraka," aliniambia, "huyu alitoka nchi ya jua, akatumwa ng'ambo ya milima kwa watu wa baridi, ambao walikuwa hawajasikia Injili. Njiani alivaa viatu. Akifika kijijini alivivua, aingie kama mgeni, si kama mtawala. Lugha yao alifundishwa na wajane, jikoni. Hakurudi kwao tena."

"Na mama yake je, Padri?"

"Kitabu cha maisha yake hakisemi."

Nilikichukia kitabu hicho siku nzima.

Usakristani, wanangu, ni kazi ya polepole. Unapiga pasi kasula, lile vazi la juu la padri, ya rangi ya majira ya Kanisa. Unatia makaa na ubani kwenye chetezo. Ukifanya vizuri, hakuna anayekuona. Asubuhi, moshi wa ubani ulipopanda kwenye mwanga wa dirisha, mara nyingi nilimwona Askofu akishuka taratibu, akaenda zake juu ya theluji bila kuacha nyayo. Sikumwambia mtu. Wangesema baridi imenipanda kichwani.

Mambo ya viatu yaliletwa na akina mama wa jumuiya yetu ndogo ndogo, Wakongo na Warundi. Mwenye ndugu aliyebaki kambi ya wakimbizi alimnunulia viatu vya baridi, Padri akavibariki, vikawekwa miguuni pa Askofu kumsubiri mwenyewe. Mtu akitua uwanja wa ndege na kandambili, anakuta viatu vyake vipo.

Mimi nilikuwa namsubiri Baraka wangu. Vita vilitutenganisha akiwa mdogo, na habari kwamba yuko kambini na bibi yake ilinifikia nikiwa tayari huku. Karatasi zake zikakwama. Kila sikukuu ya Askofu nilitoa viatu vya mwaka uliopita nikampa mtoto wa jirani, nikaweka vikubwa zaidi. Jozi ya kwanza tu sikuigawa. Nilimlea mwanangu kwa kukisia.

Paroko wa pili, Mtanzania, hakuwa na mchezo. "Mama, sakristia na kanisa si duka la viatu," alisema, na jozi zote zikashushwa ghala la chini. Nilinuna kweli. Baadaye nilimkuta huko chini, ameshika kiatu kimoja kidogo.

"Hiki cha nani?"

"Cha Baraka, alipokuwa mdogo."

Alivipandisha viatu vyote mwenyewe, mikono imejaa.

Magoti yalipokataa ngazi, nikastaafu. Hazikupita siku nyingi, Baraka akaja: kijana mrefu, pua ya marehemu baba yake. Kutoka uwanja wa ndege nilimpeleka moja kwa moja kwa Askofu, kama desturi yetu. Akavua kandambili, akaketi, akaingiza mguu. Kisigino kikagoma.

"Maman, viatu iko kidogo."

Nililia. Miaka yote ile nampimia, na bado amenipita. Nikamwambia avirudishe, twende dukani.

"Apana, maman. Ni vya kwangu."

Akavichukua mkononi, akatembea miguu mitupu katikati ya kanisa kwenda kumsalimu Paroko, yule Mtanzania, aliyekuwa akimsubiri mlangoni. Paroko alimtazama, akageuka kuitazama sanamu, akavua kofia yake.

Sasa sina funguo. Nakaa benchi la nyuma, sakristani mwingine anampangusa Askofu, nami nawaza lile ambalo kitabu hakisemi. Naona vile viatu alivyoshika Askofu alinunuliwa na mama yake, akiwa mbali naye, kwa kukisia. Na haviingii. Ndiyo maana anavibeba.