Shangazi wa Nantume

Masaka yote ilimjua Nantume kuwa ndiye shangazi wa kufunda maharusi. Wasichana wa ukoo walipelekwa kwake kabla ya kuolewa, na aliyowaambia ya chumbani yaliwafanya wafunike nyuso. Ndiyo maana aliporudi kutoka hospitali Kampala, alikochomwa mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, aibu ilimkaba kuliko ugonjwa. Ugonjwa uliisha, lakini ndani palikauka. Lubowa mumewe alipomkaribia mara ya kwanza, Nantume alihisi moto, akauma mto. Kesho yake akahamia chumba cha wajukuu, akasingizia joto.

Nesi alimpa jeli ya kulainisha na kijiti cha plastiki cha kuzoesha njia taratibu isizibe. Nantume alivisokomeza ndani ya kapu la maharage. Yeye, kungwi mzima, afundishwe na plastiki?

Lubowa naye ni Muganda kwelikweli. Neno la chumbani mume hamwambii mke, hulipeleka kwa shangazi wa mke. Wa Nantume alishakufa, na aliyevishwa nguo ya gome la mti, alama ya mrithi, ili ashike nafasi yake ni Nakibuule, binti wa kaka yake Nantume, ambaye Nantume mwenyewe alimfunda juzijuzi tu.

Nakibuule akaja mchana, Nantume akimenya matoke. Siku hiyo hakupiga magoti kumsalimu. Alivuta kiti, akakaa.

"Leo sikuja kama mtoto wako. Nimekuja kama shangazi yako."

"Nani kakutuma?"

"Mkwe wangu Lubowa. Anauliza kakukosea nini. Anasema labda huko hospitali umepata mwenye koti jeupe."

"Na wewe ukacheka."

"Nilicheka. Halafu akalia, nikaacha."

Kisu cha Nantume kikasimama. Angeweza kusema ni uzee. Akainamisha kichwa.

"Pamekauka, Shangazi. Panauma."

Hakuwahi kumwita hivyo yule binti. Nakibuule hakucheka.

"Hawakukupa kitu?"

"Kiko kwenye maharage."

"Unakitumia?"

"Nani, mimi?"

"Wewe. Au nimpe Lubowa atwangie karanga?"

Nantume akajifunika uso kwa mshipi wa gomesi, gauni lake la Kiganda, vilevile kama wale maharusi wake.

"Haya, nimwambie nini?"

"Mwambie si yeye," sauti ikatoka ndani ya kitambaa. "Mwambie asubiri. Anishike tu, asitake zaidi, mpaka nimwambie."

Nakibuule akatoka uani, ambako Lubowa alikuwa akijifanya anatia mpini kwenye jembe. Kupitia dirishani Nantume alisikia mnong'ono, kisha sauti ya mumewe:

"Kumbe. Mimi nilidhani nanuka."

Nantume akachimbua kapu, akakitoa kile kijiti, akakiosha kwa sabuni. Lubowa alipoingia, Nantume hakuthubutu kumtazama. Aliona miguu ya mumewe tu, ikielekea chumba cha wajukuu, ikirudi. Blanketi la Nantume lilikuwa limekunjwa kwapani mwa mumewe.

"Joto limepungua," Lubowa alisema, naye hakumtazama.