Maji ya Kusugulia Gari la Bwana Shauri

Kisa hiki nilikisikia kwanza kwa bibi, mzaa mama, juma lile nilipomaliza sekondari. Enzi za Waingereza babu alikuwa fundi rangi bomani Biharamulo. Siku hiyo alikuwa akisugua gari la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kwa msasa na maji ili rangi ya juu ing'ae kama kioo. Maji ya kazi hiyo huchujwa, maana punje moja ya mchanga huchora rangi. Bibi alileta ndoo kutoka mtoni, akaanza kutafuta kitambaa cha kuchujia.

"Mimina, we mwanamke! Bwana yuko njiani, unataka nifukuzwe?"

Akamimina. Mikwaruzo ikaenea boneti nzima.

Bwana Shauri alipofika alipitisha kidole juu yake. "Nani kaharibu?"

Babu alinyoosha mkono wenye msasa kuelekea kwa bibi. "Huyu, bwana. Hakuchuja maji."

Kazi yake ilipona. Alisugua upya siku tatu, gari likang'aa. Bibi alifunga mzigo, akarudi kwao Mbuba, mama yangu mgongoni.

Ukoo wetu humsifu babu kwamba hakuwahi kuacha alama. Kwenye magari, nakubali.

Babu na Bwana Shauri ni marehemu. Bibi yu hai, Mbuba.