Chuma Changu Ndani ya Poda ya Mideva

Hii stori hamtaiamini, na sitawalaumu: mimi Walubengo, fundi wa kuchomelea hapa Kimumu, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na ya kunifunza, nilitikisa sayansi ya chuo kikuu kwa kipande cha chuma. Mideva mwenyewe, mtoto wa dada yangu Nabalayo, yuko hapa mezani na chai yake, anasoma kila neno naloandika.

Msichana huyu amemaliza miaka mitatu akitengeneza poda nyeupe ya zinki, chembe zake ndogo hata darubini inatoa jasho. Ikiwa safi, poda hiyo haijali mwanga wa balbu. Lakini tia chuma kidogo, chembe moja kwa mia, inaamka: ukiiweka kwenye maji ya rangi ya nguo, mwanga wa kawaida tu, rangi inafifia mpaka inaisha. Ukizidisha chuma, inalala tena. Hiyo ndiyo hoja yake yote: safi inashindwa, yenye chuma inaweza.

Siku moja aliniita maabara nitengeneze mlango wa oveni. Poda safi ilikuwa bado majimaji kwenye chombo.

"Anko, nikorogee polepole na hiki kijiti cha kioo. Naenda kusainiwa fomu."

"Mimi nimekoroga ugali ya matanga, mama. Huu ni uji tu."

Nikakoroga. Halafu nikagonga kijiti ukingoni, vile mwiko hugongwa. Kikakatika. Nikatoa mfukoni kipande cha nondo chenye kutu, nikaendelea. Chuma nakijua.

Poda ikatoka na umanjano. Mbaya zaidi, ikamaliza rangi chini ya balbu, sawa na ile ya chuma.

"Anko, ulitumia kioo pekee?"

"Kioo pekee! Kwani mimi ni mtoto?"

Akaniamini. Afadhali angenitukana. Akaanza kujishuku yeye: labda chuma hakikufanya lolote miaka hiyo yote, labda alijidanganya. Jumapili nikamkuta kwa mama yake, sahani ya mrenda imepoa, anamwandikia msimamizi wake barua ya kuondoa kazi yote. Nami nikavuta ile sahani nikala. Naandika hili macho yakiwa chini: nilikula, nikasifu chumvi, nikaenda zangu.

Barua haikutumwa. Alikoroga upya kwa kioo, poda ikatoka nyeupe, na maji yakabaki bluu siku nzima chini ya balbu. Alijuaje kosa lilikuwa wapi? Nilisema mimi. Jumatatu asubuhi nilivaa suti, nikaingia chuoni, nikasimama mbele ya maprofesa arobaini, nikapiga kifua, nikawaambia, "Waheshimiwa, mwenye makosa ni mimi, mimi nili—"

Mideva ananikatiza hapa mezani: "Anko. Ulinitumia meseji. Halafu ukazima simu."